Poti ya Kifuani: Historia ya Kifaa Kinachookoa Mishipa, na Balaa Zake

Leo siasa tunaiweka pembeni. Najua wapo watakaonuna, lakini siasa haina pa kukimbilia, kesho mtaikuta palepale. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo chenye ukubwa wa sarafu, ambacho hufukiwa chini ya ngozi ya kifua cha mgonjwa wa saratani. Kitu hicho kimeunganishwa na mpira mwembamba unaoingia kwenye mshipa mkubwa na kuishia karibu kabisa na moyo. Madaktari wanakiita poti. Dawa za kemotherapia zinapitia humo badala ya kuchomwa mkononi kila siku ya matibabu.

Utauliza, mwandishi wa habari ambaye hata kupima presha hajui, poti inamhusu nini? Inanihusu kwa sababu mbili. Kwanza, saratani imeshaingia kwenye familia zetu wengi na lazima tujifunze kuizungumzia bila kunong'ona. Pili, historia ya kifaa hiki ni moja ya historia tamu kuliko zote nilizowahi kusoma. Ina kijana mkaidi aliyejichoma mwenyewe, ina gesi ya vita, ina daktari wa meno, ina sumu ya mishale ya huku kwetu Afrika, na ina Kampala ndani yake. Na kubwa zaidi, kila kilipotokea kifaa kipya cha kutatua tatizo, kifaa hicho kilikuja na tatizo lake mkononi. Basi vuta kiti, tuanze.

TUANZE NA DAWA ZENYEWE

Huwezi kuelewa kwanini mtu afukiwe kifaa kifuani bila kuelewa dawa za saratani zinafanya nini kwenye mshipa. Kemotherapia ya kisasa ilizaliwa kwenye maandalizi ya vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikuwa wakichunguza kemikali za jamii ya gesi ya haradali, ile iliyochoma watu ngozi na mapafu katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakaona kwamba inaua chembe nyeupe za damu. Wakajiuliza: je, haiwezi kuua saratani ya chembe hizo hizo? Agosti 1942 mgonjwa mmoja, anayejulikana kwenye kumbukumbu kwa herufi mbili tu, J.D., akachomwa dawa hiyo. Uvimbe wake ulinywea. Haukunywea milele, alifariki baadaye, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Kwa ajili ya siri za vita, habari yenyewe haikuchapishwa mpaka 1946.

Sasa fikiria. Dawa iliyotokana na silaha inayobabua ngozi, unaipitisha kwenye mshipa mwembamba wa mkono. Unategemea mshipa useme nini? Mishipa iliwaka, ikavimba, ikaziba. Madaktari wakajifunza haraka kuipitisha dawa ndani ya dripu ambayo tayari inatiririka, angalau iingie ikiwa imechanganyika na maji.

Halafu zikaja nyingine. Yale maua ya pinki na meupe tunayoyapanda kwenye bustani za Dar, Tanga na Mombasa, ambayo asili yake ni Madagaska, ndimo zilimotoka vinblastini na vinkristini. Vinkristini iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963 na mpaka leo inawaponya watoto wenye saratani ya damu. Lakini ikivuja nje ya mshipa inaharibu nyama. Huko Italia, watafiti wa kampuni ya Farmitalia walichukua udongo karibu na ngome ya kale ya Castel del Monte, wakakuta humo kijidudu kinachotengeneza rangi nyekundu. Kutokana na jamii ya kijidudu hicho wakapata doksorubisini, ambayo jina lake la kibiashara, Adriamycin, limetokana na bahari ya Adriatic. Marekani iliiruhusu mwaka 1974. Ni nyekundu kama soda ya fruti, na wagonjwa wa Marekani wameipachika jina la shetani mwekundu. Ikivuja chini ya ngozi inaweza kutengeneza kidonda kinachokula nyama kwa wiki kadhaa, mpaka wengine wanahitaji upasuaji wa kupandikizwa ngozi.

Shangazi yangu alipewa dawa hiyo kwa saratani ya matiti. Alichomwa mkononi, kama wanavyochomwa wagonjwa wengi wa huku kwetu. Ilipofika dozi ya nne mishipa yake ilikuwa myeusi na migumu, ukiishika unaona unashika kamba ya katani. Nesi alikuwa akitafuta mshipa kwa nusu saa, anapiga piga, anafunga mpira wa mkono, anachoma, anakosa, anahamia mkono mwingine. Shangazi alisema saratani hakuiogopa kama alivyoiogopa ile nusu saa. Sina wa kumlaumu. Yule nesi alikuwa anatoka jasho kuliko mgonjwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwenye mshipa wa mkono damu inapita kidogo, kwa hiyo dawa inakaa pale pale na kuunguza ukuta wa mshipa. Lakini kwenye mshipa mkubwa unaoingia moyoni kutoka juu, damu inapita karibu lita 2 kwa dakika. Dawa ikidondoka humo inapoa na kusambaa papo hapo. Kwa hiyo swali la karne lilikuwa hili: unafikaje huko ndani bila kumuua mtu?

KIJANA WA EBERSWALDE

Jibu lilianza mwaka 1929 kwenye mji mdogo wa Eberswalde, si mbali na Berlin. Werner Forssmann alikuwa na miaka 25, daktari mchanga kabisa. Alikuwa ameona picha kwenye kitabu ikionyesha watafiti wa Ufaransa wakipitisha mpira kwenye mshipa wa shingo ya farasi mpaka moyoni. Akajisemea, kama farasi hakufa, kwanini mtu afe? Nia yake ilikuwa kupata njia ya haraka ya kufikisha dawa kwenye moyo wa mgonjwa anayekata roho. Bosi wake akamkatalia katakata.

Basi bwana, Forssmann akaanza kumzungukazunguka muuguzi Gerda Ditzen, ambaye ndiye aliyeshika funguo za kabati la vifaa. Akamwelezea mpaka dada wa watu akakubali, tena akajitolea ajaribiwe yeye. Forssmann akamlaza kwenye kitanda cha upasuaji na kumfunga mikono na miguu. Kumbe ilikuwa danganya toto. Wakati muuguzi anasubiri kuchanjwa, daktari alikwishajitia ganzi kwenye kiwiko chake mwenyewe, akajichana, akasukuma mpira wa mkojo ndani ya mshipa wake. Alipomfungua Gerda, mpira ulikuwa tayari umo mkononi mwake. Wakashuka ngazi pamoja mpaka chumba cha eksirei. Mwenzake mmoja akaja mbio kutaka kuuchomoa. Forssmann akamzuia, akausukuma mpaka sentimita 65, wakapiga picha: ncha ya mpira imo ndani ya moyo, na mwenye moyo amesimama kwa miguu yake.

Makala yake ilitoka Novemba 1929. Humo alieleza pia mgonjwa mmoja mahututi, mwanamke aliyekuwa na usaha tumboni, ambaye alimpitishia dawa kwa njia hiyo. Dawa mojawapo ilikuwa strofantini. Na hapa ndugu yangu mwana wa Afrika Mashariki usikilize vizuri. Strofantini ilijulikana Ulaya kutokana na sumu ya mishale ya wawindaji wa Kiafrika. John Kirk, huyo huyo ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliigundua nguvu yake katika safari ya Zambezi na Livingstone, baada ya mswaki wake kuguswa na sumu hiyo mfukoni na mapigo yake ya moyo kupungua. Kwa hiyo miongoni mwa dawa za kwanza kumiminwa karibu na moyo wa binadamu kwa mpira, mojawapo ilitokana na elimu ya wawindaji wetu. Mgonjwa hakupona, lakini njia ilionekana.

Forssmann alipata nini? Alifukuzwa. Alikwenda hospitali ya Charité, Berlin, nako hawakumtaka. Akaishia kuwa daktari wa njia ya mkojo. Tusimfanye malaika pia, maana alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1932. Baada ya vita alikuwa daktari wa kawaida tu mji mdogo, hadi mwaka 1956 alipopewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards waliokuwa wameendeleza kazi hiyo New York.

SEATTLE, MJI WA MIPIRA

Baada ya hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1952 Mfaransa Robert Aubaniac alieleza namna ya kuufikia mshipa mkubwa uliopo chini ya mtulinga, ule mfupa unaotoka begani kwenda kooni. Mwaka 1953 Msweden Sven-Ivar Seldinger akaja na ujanja rahisi mpaka unacheka: ingiza sindano, pitisha waya ndani yake, chomoa sindano, teleza mpira juu ya waya, chomoa waya. Kwisha. Mipira mingi inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa leo inatumia ujanja huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Stanley Dudrick wa Pennsylvania alithibitisha kwamba mtu anaweza kulishwa kila kitu kwa njia ya mshipa mkubwa, akianza na watoto wa mbwa kisha mtoto mchanga.

Lakini mpira unaotoka nje ya mwili ni barabara ya vijidudu. Hapo mji wa Seattle ukaingia. Mwaka 1973 John Broviac na wenzake walitengeneza mpira wa silikoni wenye kipete cha kitambaa cha Dacron. Kipete kinakaa chini ya ngozi, nyama inaota ndani yake na kuushika, na hapo vijidudu vinawekewa kizuizi. Mwaka 1979 Robert Hickman akaupanua kwa ajili ya wagonjwa wa kupandikizwa uboho. Mpaka leo wagonjwa duniani wanatembea na "Hickman" kifuani bila kujua kwamba ni jina la mtu.

Tatizo likabaki: mpira unaning'inia nje. Huogi vizuri, huogelei, mtoto akiuvuta ni balaa. Mwaka 1982 John Niederhuber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wakachapisha suluhisho: fukia kila kitu. Kichumba kidogo chini ya ngozi, juu yake kifuniko cha silikoni, na mpira unaokwenda kwenye mshipa. Dawa ikihitajika unachoma sindano kupitia ngozi hadi kwenye kichumba. Ikiisha unachomoa na hakuna kinachoonekana ila uvimbe mdogo. Niederhuber huyo baadaye aliiongoza Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, 2006 hadi 2010.

Na sindano yenyewe? Hapo ndipo daktari wa meno anapoingia. Sindano ya kawaida ina ncha inayokata kipande kidogo cha silikoni kila inapochoma, kama unavyotoboa ugali kwa bomba. Ukiitumia, kifuniko kinatoboka na dawa inavuja. Miaka ya 1940 Ralph Huber, daktari wa meno wa Seattle hiyo hiyo, alibuni sindano yenye ncha iliyopinda inayopasua bila kukata kipande. Kwa sindano ya Huber, kifuniko cha poti kinaweza kuvumilia kuchomwa mara elfu moja na zaidi.

BALAA ZA POTI

Sasa tufike kwenye kiini cha makala. Ungedhani 1982 ndiyo mwisho wa hadithi. Hapana. Poti ilikuja na orodha yake ya matatizo, na kila moja lilimtaka mtu wa kuliona, kulihesabu na kuliandika.

La kwanza ni siku yenyewe ya kuingizwa. Mshipa wa chini ya mtulinga umelala juu ya pafu. Sindano ikipitiliza kidogo, hewa inaingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu linasinyaa. Au inatoboa mshipa wa ateri uliopo jirani. Kwa miaka mingi madaktari walichoma kwa kukisia, wakifuata alama za mifupa. Mashine ya altrasaundi ilibadili hilo kwa kuwa unaona mshipa kwenye kioo kabla ya kuchoma. Mwaka 2002 taasisi ya NICE ya Uingereza iliagiza altrasaundi ipewe kipaumbele hasa kwa mshipa wa shingoni.

La pili ni lile lililonisisimua kuliko yote. Mwaka 1984 Aitken na Minton wa Marekani walichapisha onyo. Mpira ukipita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, mifupa hiyo miwili inafanya kazi kama mkasi. Kila mgonjwa akiinua mkono, akianika nguo, akibeba mtoto, mkasi unabana. Mpira unaanza kubonyea. Dalili yake ni kwamba dripu inakwenda mkono ukiwa juu na inagoma ukiwa chini. Usiposhtuka, siku moja mpira unakatika na kipande kinasafiri na damu hadi moyoni au kwenye mshipa wa pafu. Mara nyingi kinaweza kuvuliwa kwa waya wenye kitanzi unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, kama unavyovua ndoo iliyozama kisimani. Lakini wenye macho huiona dalili kwenye eksirei kabla. Ndiyo maana madaktari wengi siku hizi wanapendelea kupitia mshipa wa shingoni, ambako mkasi huo haupo.

La tatu ni vijidudu. Tatizo hapa ni kwamba kijidudu kikifika kwenye mpira hakikai peke yake. Kinajitengenezea utando wa ute, kinajificha humo na wenzake, na dawa za antibayotiki zinapita juu kama mvua juu ya bati. Ndiyo maana mara nyingine dawa zinashindwa na poti lazima itolewe. Na kumbuka, mgonjwa wa kemotherapia chembe zake nyeupe ziko chini. Homa ambayo wewe ungeimezea panadoli, kwake inaweza kuwa kifo. Hata hivyo, poti ina heri kuliko mipira mingine. Mwaka 2006 Dennis Maki na wenzake walipitia tafiti 200 na kukuta maambukizi ya damu kiasi cha 0.1 kwa kila siku 1,000 za kukaa na poti, ikilinganishwa na 1.6 kwa mipira ya jamii ya Hickman.

Mwaka huo huo wa 2006, na jimbo lile lile la Michigan lililoizaa poti, Peter Pronovost alichapisha matokeo ya mpango uliohusisha vyumba 103 vya wagonjwa mahututi. Hakuleta mashine. Alileta karatasi yenye mambo matano: nawa mikono, safisha ngozi kwa klorheksidini, mfunike mgonjwa mwili mzima unapoingiza mpira, epuka mshipa wa paja, na toa mpira usiohitajika. Wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa siku 1,000. Hao hawakuwa wagonjwa wa poti, lakini somo ni lile lile. Sabuni na nidhamu!

La nne ni damu kuganda. Saratani yenyewe inafanya damu iwe rahisi kuganda, halafu umeweka kitu kigeni ndani ya mshipa. Mkono unavimba, shingo inavimba, au poti inakubali kuingiza dawa lakini inakataa kutoa damu, kwa sababu ncha ya mpira imevalishwa soksi ya utando. Mwaka 1990 utafiti mdogo wa Marekani ulionyesha kwamba miligramu 1 tu ya wafarini kwa siku inazuia tatizo: waliopewa dawa ni 4 kati ya 42 walioganda, wasiopewa ni 15 kati ya 40. Dunia ikashangilia, vidonge vikagawiwa. Mwaka 2009 Waingereza wakachapisha utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 1,590, na wakakuta dozi hiyo ndogo haisaidii kitu. Karibu miaka 20 ya vidonge! Nawapenda wanasayansi kwa jambo hili moja, kwamba waliendelea kuuliza swali ambalo kila mtu alidhani limejibiwa.

La tano ni sindano kukosea. Ikiwa haikufika vizuri kwenye kichumba, au imechomoka mgonjwa akijigeuza kitandani, yule shetani mwekundu anamwagika chini ya ngozi ya kifua badala ya mkono. Kwa hiyo nesi anayejua kazi anavuta damu kwanza kuhakikisha njia iko wazi, ndipo anaunganisha dawa.

KAMPALA, DAR NA SISI

Katika historia ya kemotherapia sisi hatukuwa watazamaji. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya. Uchunguzi wake ulizaa jina la saratani inayojulikana dunia nzima kama limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifanya safari ya maili 10,000 kwa gari, wakipita Afrika Mashariki na Kusini kuuliza hospitali moja hadi nyingine ugonjwa huo unapatikana wapi. Mwaka 1967 Kampala kikafunguliwa kituo cha matibabu ya limfoma, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa wagonjwa walioifundisha dunia kwamba kuna uvimbe unaoweza kuponywa kwa dawa peke yake. Hapa Dar, Ocean Road, jengo la Wajerumani lililokamilika 1897, likawa taasisi kamili ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996.

Sasa swali langu. Wagonjwa wetu wameichangia dunia elimu hii, mishipa yao inalindwaje?

Kati ya 2013 na 2018 Waingereza waliwagawa wagonjwa 1,061 kwa bahati nasibu: poti, Hickman, au mpira mrefu unaoingilia mkononi. Matokeo yalitoka 2021. Waliopata matatizo kwa poti walikuwa asilimia 29, na kwa Hickman asilimia 43. Kwenye ulinganisho mwingine, poti asilimia 32 na mpira wa mkononi asilimia 47. Kwa hiyo poti inashinda. Lakini soma tena hizo namba bila kushangilia: hata kwa mshindi, karibu mtu mmoja kati ya watatu alipata tatizo la namna moja au nyingine, na hiyo ni Uingereza.

Hapo ndipo ninapokataa hoja mbili ninazozisikia. Moja inasema poti ni anasa ya Wazungu, mgonjwa wetu achomwe mkononi tu, atavumilia. Hapana. Mshipa uliokwisha unaweza kumfanya mtu aache matibabu katikati, na matibabu yaliyokatwa katikati ni pesa na maisha vilivyotupwa. Nyingine inasema tununue poti nyingi, tumemaliza kazi. Hapana pia. Poti bila sindano za Huber ni mtego. Poti bila nesi aliyefundishwa ni mtego. Poti aliyofungiwa mtu akarudi kijijini, na zahanati ya huko hawajawahi kuiona, ni mtego. Kwa desturi hutakiwa kusafishwa takriban kila wiki nne isipotumika. Nani atamsafishia? Nauli ya kurudi mjini atalipa nani?

Na kuna jambo la tatu ambalo halina bei kubwa: daftari. Aitken na Minton waliandika balaa lao. Wangeficha, mkasi ungeendelea kukata. Hospitali inayofunga poti ihesabu: zimefungwa ngapi, zimeingia vijidudu ngapi, zimekatika ngapi. Sisi wa magazeti tumezoea kuandika "hospitali yapata kifaa cha kisasa", waziri anakata utepe, picha ukurasa wa mbele. Mwaka mmoja baadaye nani anarudi kuuliza kifaa kimefanya nini kwa watu? Hilo ndilo swali ninalotaka waandishi wenzangu tulibebe.

Na wewe msomaji, kama una mama, shangazi au rafiki mwenye poti, mambo haya uyajue kwa moyo. Homa, au baridi kali na kutetemeka, hasa muda mfupi baada ya poti kutumika au kusafishwa: hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Mkono, shingo au uso kuvimba upande wa poti: hospitali. Kuungua au maumivu dawa ikiwa inaingia: sema hapo hapo, hata kama nesi ana haraka. Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua: kimbia. Na kabla ya kufungiwa, uliza: wataingilia mshipa gani, watatumia altrasaundi, sindano zake zinapatikana wapi, na nani atasafisha? Kuuliza siyo utovu wa adabu. Daktari mzuri anapenda mgonjwa anayeuliza.

Nimeandika mengi leo, macho yenu mnisamehe. Kama kuna nesi au daktari anayepita hapa na ameshika poti kwa mikono yake, atuandikie hapo chini kwenye maoni: anakutana na tatizo gani zaidi, na kituoni kwake nani anashika daftari? Nitasoma yote. Tukijaliwa, wiki ijayo tutarudi kwenye siasa zenu.